Skuta haina vitesi, lakini ina kazi yake

Zamani katika miji yetu ya mashariki tulizoea kuona pikipiki za wamotari tu, zile za vitesi vinne au vitano. Siku hizi skuta zimeongezeka. Muuguzi anakwenda nayo kazini, mwalimu anakwenda nayo shuleni, na makanisa mengine yamenunua moja kwa ajili ya kutembelea wagonjwa. Sababu inaeleweka. Skuta ya otomatiki haina vitesi vya kupandisha kwa mguu, wala klachi ya kushika kwa mkono. Mama aliyevaa kikwembe anapanda bila kurusha mguu juu ya tangi. Ukiongeza gazi inakwenda, ukishika freni inasimama.

Kanisa letu la mahali, hapa Bukavu, lilinunua skuta iliyokwisha kutumika. Siku tulipoipokea, mzee mmoja wa kamati alisema kwa furaha: «Pasta, hii haina vitesi, kwa hiyo haina kazi.» Tulicheka wote, na mimi nilimsadiki kuliko wengine.

Baada ya miezi kadhaa skuta ilianza kutetemeka wakati wa kuondoka. Baadaye injini ikawa inalia kwa nguvu huku mwendo ukiwa mdogo. Nilisema ni esansi mbaya. Nikabadilisha buji, nikaendelea na safari zangu. Jioni moja nilipigiwa simu: mama mzee wa kanisa letu alikuwa amezidiwa, naye alikuwa ananiita. Nikiwa katikati ya mpando, nilisikia kitu kimepasuka chini ya kiti. Injini iliendelea kunguruma, lakini gurudumu halikugeuka tena. Niliisukuma skuta hadi kwenye nyumba ya jirani, nikaiacha, nikapanda kwa miguu. Nilipofika, mama alikuwa amekwisha kutuacha. Binti yake aliniambia tu: «Pasta, alikuwa anakuuliza.»

Fundi alipofungua kifuniko siku ya pili, mkanda ulikuwa umekuwa nyuzi. Bei ya mkanda mpya ilikuwa chini ya esansi yetu ya mwezi mmoja. Tangu siku hiyo nimejifunza mashine hii vizuri, na ninapenda kuwaeleza yale niliyojifunza.

Ndani ya kifuniko cha kushoto

Ukisimama nyuma ya skuta, upande wa kushoto utaona kifuniko kirefu kinachoanzia kwenye injini hadi kwenye gurudumu la nyuma. Ndani yake hamna mnyororo. Kuna puli mbili, na mkanda mmoja wa mpira ambao mafundi wetu wanauita kuruwa. Puli ya mbele inazungushwa na injini. Puli ya nyuma inazungusha gurudumu kwa njia ya ambrayaji.

Kila puli ni sahani mbili, kama visosi viwili vilivyogusanishwa migongo. Visosi vikikaribiana, mkanda unasukumwa kwenda ukingoni. Vikiachana, mkanda unazama katikati. Ndani ya puli ya mbele kuna vipande vidogo vya mviringo vyenye uzito. Injini ikizunguka kwa haraka, vipande hivyo vinarushwa nje, kama jiwe ulilofunga kwenye kamba ukalizungusha, na vinasukuma sahani zikaribiane. Mkanda unapanda upande wa mbele. Kwa kuwa urefu wake haubadiliki, upande wa nyuma unalazimika kuzama, na kuibana springi iliyoko pale. Hapo skuta imebadilisha vitesi yenyewe, kidogo kidogo, bila mguu wako.

Ambrayaji nayo inategemea mzunguko. Injini ikiwa polepole, viatu vyake vimejikunja na gurudumu liko huru. Ukiongeza gazi vinafunguka, vinashika ngoma ya chuma inayovizunguka, na skuta inaondoka.

Sasa mtaona kosa letu lilikuwa wapi. Kazi ambayo motari anaifanya kwa mguu na kwa mkono wa kushoto, hapa inafanywa na mpira, springi na viatu vinavyosuguana ndani ya giza. Kazi ilihamia mahali tusipopaona, na sisi tukadhani imekwisha.

Kwanza ujifunze mkono wa kushoto

Watu wanafikiri kwamba anayejua pikipiki hana haja ya kujifunza skuta. Hatari ya kwanza ni yake yeye. Kwenye pikipiki ya vitesi, mkono wa kushoto ni klachi, na freni ya nyuma iko mguuni. Kwenye skuta, mkono wa kushoto ni freni ya nyuma, na katika skuta nyingine mkono huo unashika magurudumu yote mawili kwa pamoja. Motari akishtuka kidogo, mkono wake unakamata kushoto kwa nguvu, kama alivyozoea. Gurudumu la nyuma linafunga, na kwenye matope skuta inalala chini. Basi hata mjuzi aende kwanza kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, azunguke nusu saa, aondoke na asimame mara nyingi, mpaka mkono usahau klachi.

Hatari ya pili ni mkono wa kulia. Injini ikiwa inawaka, skuta iko tayari kuondoka wakati wowote. Hakuna pahali pa kuiweka huru. Mtu ameshuka, anaisukuma kuingia mlangoni huku ameshika mahali pa gazi, mkono unageuka kidogo, na skuta inaruka mbele bila yeye. Mtoto naye akisimama mbele yako anaweza kushika gazi kwa mchezo. Kwa hiyo, kabla ya kushuka, uzime. Kabla ya kumpa mwingine, uzime. Wakati wa kuwasha, ushike freni kwanza, na usiguse gazi.

Wakati wa kusimama, tumia freni zote mbili kwa upole. Kwenye lami kavu, freni ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa sababu uzito wote unaegemea mbele. Lakini kwenye changarawe na matope usiikaze kwa ghafula, na usiishike wakati gurudumu limekunjwa kwenye kona.

Tena, abiria awe mmoja. Akina mama wanapenda kukaa upande kwa sababu ya kikwembe, lakini hapo uzito unavuta upande mmoja, na ncha ya nguo inaweza kuingia kwenye gurudumu. Ni afadhali kuvaa suruali chini ya kikwembe na kukaa kwa kutanua miguu. Kaske iwe mbili, ya mwendeshaji na ya abiria, na kamba yake ifungwe chini ya kidevu. Pale penye nafasi ya miguu tunapenda kuweka bidoni au mfuko wa unga. Hakikisha mzigo hauzuii usukani kugeuka pande zote mbili, na miguu yako inapata mahali pake.

Kwenye mipando na materemko

Sisi wa Bukavu hatuwezi kuzungumza juu ya skuta bila kuzungumza juu ya milima. Ukisimama kwenye mpando kwa sababu ya magari, usiishikilie skuta kwa gazi ili isirudi nyuma. Viatu vya ambrayaji vinateleza juu ya ngoma, vinachomeka, na mkanda unapata moto. Shika freni, na ukipata njia uachie freni huku ukiongeza gazi kwa utulivu.

Teremko ni jambo zito zaidi. Motari akiteremka anaweka vitesi vya chini, na injini inamzuia. Skuta haina namna ya kuchagua vitesi vya chini. Injini inasaidia kidogo tu, na ukipunguza mwendo sana ambrayaji inaachia kabisa, gurudumu linabaki huru, na uzito wote unabaki juu ya freni. Wakati huo, ukigusa gazi kidogo sana, ambrayaji inashika tena na ule msaada mdogo wa injini unarudi. Lakini msitumaini msaada huo peke yake.

Kijana wetu mmoja mwinjilisti alikuwa anakwenda Uvira pamoja na mwenzake na mizigo yao. Kwenye materemko ya Ngomo, kabla ya kufika Kamanyola, alishika freni bila kuachia kwa muda mrefu. Mkono wa freni ulianza kuzama, freni hazishiki tena vizuri, akasikia harufu ya kuungua. Kwa rehema ya Mungu alipata nafasi ya kuelekea upande wa mlima, akasimama kwenye mchanga. Freni zilikuwa zimepata moto kupita kiasi. Watu wanaoteremsha chukudu zenye mizigo kuelekea Goma wanalijua jambo hili vizuri kutushinda: anayengoja mwendo uwe mkubwa kwanza, freni yake imechelewa.

Basi, anza teremko ukiwa polepole, na ubaki polepole. Shika freni kwa nguvu kidogo mpaka mwendo upungue, achia zipumue, shika tena. Usizibane kidogo kidogo bila kuachia toka juu hadi chini. Teremko likiwa refu, simama katikati, upumzike. Zikiwa za moto, usizimwagie maji. Ziache zipoe zenyewe. Na usizime injini ili kubania esansi. Hiyo si akiba.

Matope, maji na mawe

Magurudumu ya skuta ni madogo, mara nyingi ya inchi 10 au 12, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Shimo ambalo pikipiki inapita juu yake, skuta inaingia ndani yake. Ndugu zetu wa Goma wana mawe ya volkano, yaliyobaki tangu lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini hadi ziwani mwaka 2002. Mawe hayo ni makali na yanakata tairi pembeni, na vumbi lake linasaga kila kitu. Hapo dawa ni kwenda polepole, na kuwa na tairi zenye upepo wa kutosha.

Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kitabu cha skuta au kwenye kibandiko. Cha nyuma ni kikubwa kuliko cha mbele, na kinaongezwa ukiwa na abiria. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, mara moja kwa juma.

Mvua ikijaza barabara, usipite kwenye maji yanayofika pale unapoweka miguu. Maji yakiingia ndani ya kifuniko cha kushoto, mkanda unateleza: injini inalia, skuta haiendi. Ikitokea hivyo, usiilazimishe kwa gazi nyingi. Nenda polepole mpaka ndani pakauke. Na wakati wa kuosha, usielekeze maji ya nguvu kwenye matundu ya kifuniko hicho.

Oili ni mbili

Hapa wengi wetu tunapotea. Skuta ina oili ya injini, na ina oili nyingine ya pinyo za gurudumu la nyuma, kwenye kikebe chake cha peke yake. Fundi wetu wa kwanza, aliyezoea pikipiki za vitesi, hakuijua hiyo ya pili. Kwenye pikipiki nyingi za vitesi oili moja inatosha kwa injini na vitesi pamoja. Hakuna mtu aliyemwambia, na mimi sikumuuliza.

Oili ya injini ya skuta ni kidogo, mara nyingi haifiki lita 1. Kwa sababu hiyo inachoka mapema, na ikipungua kidogo tu injini inaumia. Itazame kila juma, skuta ikiwa imesimama wima mahali sawa. Kitabu kinaonyesha kilomita za kufanya vidanji. Kwa sababu ya mipando na vumbi letu, mimi ninaifanya kila kilomita 2,000. Oili ya pinyo ni kama desilita 1 tu, na ninaibadilisha kila vidanji ya tatu. Ikiwa gurudumu la nyuma linalia kama mluzi na mlio unafuata mwendo, usingoje.

Mnaponunua, msome chupa. Oili iliyoandikwa JASO MB imetengenezwa kwa skuta, ambamo ambrayaji iko pakavu, nje ya oili. Pikipiki ya vitesi ambayo klachi yake inaogelea ndani ya oili inataka JASO MA. Kanisa lenye vyombo vyote viwili lisitie MB kwenye pikipiki, kwa maana klachi itaanza kuteleza.

Kuhusu esansi, wengi tunanunua kwa akina kadhafi barabarani. Nawaheshimu, wanatusaidia. Lakini tazama chupa kwenye mwanga: ukiona maji au uchafu chini, usiitie yote. Tumia mrija wenye kichujio.

Kichujio cha hewa nacho kinaziba haraka kwa vumbi. Kama ni cha sponji, kioshwe kwa maji ya sabuni, kikauke kabisa, kisha kipakwe oili kidogo. Kama ni cha karatasi, hakioshwi, kinabadilishwa. Skuta nyingine zina kichujio kidogo cha pili cha kifuniko cha mkanda. Muulizeni fundi kama ya kwenu inacho.

Mkanda unatoa habari kabla ya kukatika

Mara nyingi mkanda unasema kwanza. Skuta inatetemeka wakati wa kuondoka. Injini inapanda sauti lakini mwendo hauongezeki. Inashindwa mpando ambao ilikuwa inaupanda. Kuna mlio mkali, au harufu ya mpira unaoungua. Alama nyingine kati ya hizi zinaweza kutoka kwa viatu vya ambrayaji au kwa vile vipande vya uzito vilivyolika upande. Lakini zote zinasema jambo moja: fungueni kifuniko.

Kitabu kinaonyesha kilomita za kutazama na za kubadilisha, na upana ambao mkanda haupaswi kupungua chini yake. Kama hamna kitabu, mtazame kila kilomita 5,000. Mkanda wenye nyufa, wenye nyuzi zinazotoka pembeni, au uliopungua upana, utolewe hata kama bado unakwenda. Ukinunua mpya, chukua ule wa zamani mkononi ulinganishe urefu, upana na namba. Fundi asiuguse kwa mikono yenye oili wala grisi, kwa kuwa utateleza.

Freni ziwe na siku yake pia. Zile za kamba zinakazwa kadiri zinavyolika. Ile ya mbele, kama ni ya maji, maji yake yanavuta unyevu wa hewa na kuharibika hata kama skuta imelala. Yabadilishwe kila miaka 2. Mkono wa freni ukiwa laini kama sponji, skuta isitoke.

Skuta ya wengi

Kuna jambo moja lililotuumiza kuliko vumbi na mipando. Skuta yetu ilikuwa inaendeshwa na watu watatu: mimi, mwinjilisti, na mama shemasi. Kila mmoja alisikia ule mtetemeko. Kila mmoja alifikiri kwamba mwingine amekwisha kumwambia fundi. Baada ya ule usiku tulipoulizana, tuliona aibu.

Sasa tuna daftari ndogo chini ya kiti. Anayeichukua anaandika tarehe, kilomita, na kitu chochote alichosikia au kunusa. Mama shemasi ndiye msimamizi, na ana ruhusa ya kuninyima ufunguo. Amekwisha kuninyima mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na haki. Kila mwezi mtunza hazina anaweka kando kiasi kidogo kwa ajili ya mkanda, oili na tairi, kabla ya kuhesabu esansi. Wakati mkanda unapotakiwa, hatuanzi kutafuta sadaka ya haraka.

Kama kanisa lenu lina skuta, au kama wewe mwenyewe unayo nyumbani, ninawaomba jambo moja kabla ya juma hili kwisha. Waulizeni wanaoiendesha: mkanda ulitazamwa lini, na oili ya pili ilibadilishwa lini? Kama hakuna mwenye jibu, mwiteni fundi afungue kifuniko cha kushoto mchana, ninyi mkiwa mmesimama pale mnatazama.